KUMPELEKA MGONJWA BARA HINDI
Mambo ya kuyajua kabla ya kufunga mizigo

Kila mwaka zipo familia za Uganda zinazouza kiwanja, ng'ombe au gari, zikachangisha kanisani, msikitini na kambini, kisha zikampeleka mgonjwa wao Bara Hindi. Wengine huenda kwa ajili ya moyo, wengine figo, wengine saratani, na wengine mifupa iliyovunjika vibaya. Miongoni mwao wamo askari wa jeshi na wa polisi, wake zao na watoto wao. Safari hiyo si ya matembezi. Fedha huwa za kuhesabu, mgonjwa huwa dhaifu, na yule anayemsindikiza mara nyingi hajapata kuvuka mpaka wa Afrika Mashariki. Kosa dogo la karatasi au la desturi, ambalo kwa mtalii lingekuwa jambo la kucheka tu, kwa familia kama hiyo laweza kula siku sita za matibabu au nusu ya akiba yote.

Swali la kwanza, ambalo wengi hulisahau kwa haraka ya huzuni, ni kama safari yenyewe yahitajika. Mambo yamebadilika hapa nyumbani. Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago hufanya upasuaji wa moyo. Taasisi ya Saratani, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilipata pigo mwaka 2016 wakati mashine yake ya mionzi, iliyokuwa ya pekee nchini, ilipoharibika kabisa. Lakini mashine mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Mwezi Desemba mwaka 2023 madaktari wa Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Kwa hiyo askari aanze kwa mganga wa kikosi chake, naye raia aanze kwa daktari bingwa wa hospitali ya rufaa, na ushauri wao uandikwe. Mtumishi wa serikali anayetumaini kwamba serikali itachangia gharama hana budi kupitia bodi ya madaktari iliyo chini ya Wizara ya Afya kabla ya kuondoka, wala si baada ya kurudi na risiti mkononi.

Ikithibitika kwamba safari haina budi, kazi ya karatasi yaanza. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Viza inayotakiwa ni ya matibabu, na msindikizaji ana viza yake ya aina ya pekee. Si halali mmoja kwenda kwa viza ya utalii akitumaini kwamba atajieleza akifika. Viza ya matibabu inayoombwa kwa njia ya intaneti humpa mgonjwa siku 60, na wasindikizaji wasiozidi wawili huruhusiwa kufuatana naye. Ugonjwa unaohitaji muda mrefu zaidi ni afadhali upelekwe moja kwa moja kwenye ofisi ya Ubalozi wa India hapa Kampala. Katika njia zote mbili barua ya hospitali ya kule yahitajika, yenye jina la mgonjwa kama lilivyoandikwa katika pasipoti, herufi kwa herufi. Hapa askari wawe na hadhari maalumu: mwenye pasipoti ya kikazi au ya kidiplomasia haruhusiwi kutumia viza ya intaneti. Ni lazima apitie ubalozini.

Halafu kuna kadi ya manjano. Uganda imo katika orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na India, ambayo haina ugonjwa huo ila ina mbu wa kuweza kuueneza, hailegezi kamba hata kidogo katika jambo hili. Msafiri atokaye Uganda asiye na cheti cha chanjo huweza kuwekwa karantini kwa muda wa hadi siku 6. Hesabu ni hii: cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa jumatatu akapanda ndege ijumaa ni sawa na asiyechanjwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba tangu mwezi Julai mwaka 2016, kwa makubaliano ya Shirika la Afya Duniani, chanjo moja hutosha maisha yote. Kwa hiyo askari aliyechanjwa kabla ya kwenda Somalia kulinda amani aitafute ile kadi yake ya zamani sandukuni kabla ya kulipia nyingine.

Kuhusu mizigo, ipo habari ambayo mtu wa kawaida hana haja nayo sana lakini mwenye kuishi kambini anaihitaji mno. Begi lililowahi kutumika kazini likaguliwe mifuko yote, hata ile midogo ya pembeni. Risasi moja tu iliyosahauliwa humo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Silaha ya India ya mwaka 1959, na watu wengi wamekwisha kukamatwa katika viwanja vya ndege vya kule kwa risasi moja ambayo hawakujua kwamba wanayo. Simu ya setilaiti nayo ni marufuku bila kibali. Nguo zenye mabaka ya kijeshi zibaki nyumbani, na asiwepo mtu wa kupiga picha kambi, madaraja au viwanja vya ndege. Bangi na mairungi hayataki maelezo.

Safari ya kwenda imekuwa nyepesi kuliko zamani. Mwezi Oktoba mwaka 2023 Shirika la Ndege la Uganda lilianzisha safari za moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Mumbai, mwendo wa karibu saa sita angani. Wengine hupitia Nairobi, Addis Ababa, Dubai au Doha. Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa muda mrefu, njia isiyo na kituo yafaa kupimwa hata kama nauli yake imezidi kidogo. Lakini ikumbukwe kwamba Mumbai si Delhi wala si Chennai, na kutoka Mumbai hadi miji hiyo ni safari nyingine ya ndege. Shirika la ndege liarifiwe mapema kama mgonjwa atahitaji kiti cha magurudumu au hewa ya oksijeni. Mgonjwa mahututi hapandishwi ndege bila cheti cha daktari.

Fedha ya kule ni rupia. Neno hilo si geni, kwani rupia ilitumika hapa Uganda hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wazee walikuwa wakiitaja. Dola za Marekani hubadilishwa kwa urahisi. Anayeingia na noti zinazozidi thamani ya dola 5,000 ni lazima azitangaze kwa maofisa wa forodha. Risiti za kubadilishia fedha zitunzwe. Fedha za simu za hapa kwetu, ambazo zimetuzoesha kulipia kila kitu kuanzia mkaa hadi karo, hazifanyi kazi dukani kule.

Lakini jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni namna Wahindi wanavyoandika hesabu. Wao hawakati tarakimu tatu tatu kama sisi. Bili ya hospitali huweza kuandikwa 1,50,000, na msomaji akadhani kwamba mchapaji amekosea au kwamba sifuri moja imepotea. Hiyo ni laki moja na nusu. Kumbe neno letu laki lilitoka huko huko, na maana yake haikubadilika: elfu mia moja. Iliyo kubwa zaidi ni krori, yaani laki mia, au milioni 10. Kwa hiyo daktari akisema gharama ni laki nne, Mswahili amemwelewa kabla ya kutafsiriwa. Kilichobaki ni kukumbuka kwamba ni laki nne za rupia, si za shilingi za Uganda. Tofauti hiyo imewatoa watu jasho mbele ya dirisha la mhasibu.

Bili yenyewe isisubiriwe. Kabla ya kuondoka Kampala, familia iombe makadirio kwa maandishi kutoka hospitali mbili au tatu, ikieleza yaliyomo na yasiyomo: kitanda, siku za chumba cha wagonjwa mahututi, dawa, damu, vipimo. Hospitali za kule ni nyingi na si sawa. Zipo za serikali, kama ile taasisi kubwa ya tiba ya Delhi iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo ni bei nafuu lakini misururu yake ni mirefu mno. Zipo za kimisioni, kama ile ya Vellore katika jimbo la Tamil Nadu iliyoanzishwa mwaka 1900 na daktari mwanamke wa Kimarekani, Ida Scudder. Na zipo za kampuni binafsi, ambazo ndizo wageni wengi huziendea; Apollo, kwa mfano, ilifungua hospitali yake ya kwanza mjini Chennai mwaka 1983.

Katikati ya familia na hospitali husimama wakala. Wapo mawakala waaminifu, ambao humpokea mgonjwa uwanjani na kumtafutia nyumba. Lakini ifahamike kwamba wengi wao hulipwa na hospitali kwa kila mgonjwa wanayempeleka, na kwa hiyo ushauri wao si wa bure hata ukiitwa wa bure. Fedha za matibabu zilipwe katika akaunti ya hospitali yenyewe na risiti ichukuliwe papo hapo. Wakala anayetaka fedha zote zipitie mkononi mwake, au anayetaka kushika pasipoti ya mgonjwa, aachwe mara moja.

Kwa wenye ugonjwa wa figo jambo ni zito zaidi. Sheria ya India ya mwaka 1994 yakataza kabisa kuuza au kununua kiungo cha mwili wa binadamu. Mgeni anayepandikizwa figo huja na ndugu yake wa damu au mwenzi wake wa ndoa atakayeitoa kwa hiari, na undugu huo huthibitishwa kwa vyeti na kwa barua ya ubalozi wa nchi yao. Kamati ya hospitali huwahoji wote wawili. Mtu anayemwambia mgonjwa hapa Kampala kwamba figo itapatikana huko huko anamwuzia kifungo; na anayemwahidi kijana maskini kazi Bara Hindi, kisha akamtaka kwanza apimwe damu na figo, kijana huyo na amkimbie, na polisi wapewe habari. Uganda nayo ilipitisha sheria yake ya viungo mwaka 2023.

Msindikizaji akifika, kwa kawaida hupanga chumba karibu na hospitali. Mwenye nyumba ataomba pasipoti na kujaza fomu ya serikali juu ya mgeni wake katika saa 24. Hiyo ni sheria, wala si dharau. Wenye viza inayozidi siku 180 hujiandikisha katika ofisi ya wageni katika siku 14. Umeme ni kama wetu kwa nguvu, ila plagi zao zina meno ya mviringo, hivyo kiunganishi kinunuliwe, vinginevyo simu itazimika usiku wa kwanza, usiku ambao jamaa wote nyumbani wanangoja habari. Saa za kule zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu: ikiwa ni saa sita mchana Kampala, kule ni saa nane na nusu. Wala Wahindi hawahesabu saa kwa kuanzia mawio kama Waswahili. Miadi ya saa 8 asubuhi ni saa mbili yetu.

Majira nayo yaangaliwe. Mwezi Mei na Juni Delhi huwaka kwa joto linalopita nyuzi 40. Mwezi Desemba na Januari kuna baridi na ukungu unaochelewesha ndege. Kuanzia Oktoba hadi Januari hewa ya mji huo huwa chafu kwa moshi na vumbi, na mwenye maradhi ya mapafu atafakari miji ya kusini. Mvua kubwa za masika yao hunyesha Juni hadi Septemba. Hizo ndizo pepo zile zile zilizokuwa zikisukuma majahazi kati ya pwani yetu na Gujarat kabla ya meli za moshi.

Chakula hakitamshinda Mganda. Nchi iliyotupa chapati, sambusa, achari na biriani si ngeni jikoni. Ila Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe, ambaye kwao ni mnyama mtakatifu, na katika majimbo mengi kumchinja ni kosa la jinai. Asiyepata nyama hiyo asilalamike kwa sauti. Wako mamilioni wasioonja nyama yoyote. Vyakula vya pakiti vina alama: ya kijani haina nyama, ya kahawia inayo. Matoke kama yetu ni ya kutafutwa, ingawa India ndiyo nchi inayolima ndizi nyingi kuliko zote duniani, na ndizi mbichi za kupika hupatikana, hasa kusini. Unga wa mahindi upo, lakini mara nyingi ni wa manjano. Pilipili ipunguzwe kwa mgonjwa. Maji yawe ya kuchemshwa au ya chupa iliyofungwa barabara. Mlo huliwa na kupokewa kwa mkono wa kulia, kama kwetu.

Kuna msaada mmoja ambao wasindikizaji wachache huujua. Katika kila hekalu la Masingasinga, kama lile kubwa la Bangla Sahib mjini Delhi, chakula hutolewa bure kwa kila mtu, wa dini yoyote na wa rangi yoyote. Sharti ni kuvua viatu, kufunika kichwa kwa kitambaa, kunawa, na kukaa chini safu moja na wengine. Hakuna anayeulizwa kwa nini amekuja. Fedha ya mlo mmoja kwa siku iliyookolewa kwa miezi miwili ni dawa.

Kwa desturi, salamu ya kukutanisha viganja kifuani yatosha kwa wote. Mwanamume asimtangulizie mwanamke mkono. Mtu akitikisa kichwa huku na huku, kana kwamba anakataa, huenda amekubali; ni afadhali kuuliza tena, hasa kama swali lilikuwa juu ya dawa. Mke mjamzito akipimwa kwa skani asimwulize daktari kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Sheria ya mwaka 1994 yamkataza daktari kusema, kwa sababu wako waliokuwa wakiwatoa watoto wa kike tumboni. Pombe ni marufuku katika majimbo ya Gujarat na Bihar, na haiuzwi nchini kote tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba. Tarehe ya kwanza kati ya hizo itamgusa askari wetu: ni siku ya Jamhuri yao tangu mwaka 1950, nayo ni siku ya ukombozi kwetu tangu mwaka 1986, hata gwaride huenda likapigwa Delhi na Uganda asubuhi moja.

Lugha si moja. Katiba yao imezitaja 22. Kihindi hutumika kaskazini, Kitamili Chennai, Kitelugu Hyderabad, Kikannada Bengaluru na Kimarathi Mumbai. Hospitalini Kiingereza hutosha, lakini dereva wa bajaji huenda asikijue, kwa hiyo anwani iandikwe kwenye karatasi kwa lugha ya mahali na bei isemwe kabla ya kupanda. Katika treni za mjini Delhi behewa la kwanza ni la wanawake peke yao. Mwanamume asiingie humo.

Si haki kuficha kwamba Mwafrika huweza kukutana na chuki. Mwezi Mei mwaka 2016 kijana wa Kikongo aliuawa Delhi kwa kupigwa baada ya ugomvi wa bajaji, na mwaka 2017 wanafunzi wa Kinaijeria walishambuliwa na umati karibu na mji huo. Nasi hapa tunayo yetu: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 kuondoka, na mwezi Aprili mwaka 2007 Mhindi mmoja aliuawa kwa mawe mjini Kampala katika ghasia za msitu wa Mabira. Mgeni atakutana pia na Wahindi waliozaliwa Jinja au Mbale, wakakumbuka Kiswahili, na wakamkaribisha kama jamaa. Asitembee usiku pasipo sababu, asibishane na umati, na kwa hatari apige namba 112, ambayo ni ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Ubalozi wa Uganda uko New Delhi. Namba yake ichukuliwe mapema, kabla ya shida.

Liko neno ambalo jamaa huona ni mkosi kulitamka, nalo ni kifo. Wengine hufia kule. Kuurudisha mwili kwahitaji cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhiwa kwa dawa, kibali cha polisi, barua ya ubalozi na pasipoti ya marehemu iliyofutwa, na gharama ya ndege ni kubwa. Kabla ya safari baba, mama na wakubwa wa ukoo wakae waamue nani ataarifiwa kwanza, nani atatia sahihi, na ni fedha zipi hazitaguswa kwa jambo lingine lolote. Msindikizaji aliye peke yake katika mji asioujua hawezi kuyaamua hayo kwa simu huku analia.

Na mgonjwa akipona, asiondoke na barua ya kuruhusiwa peke yake. Adai picha zote za mionzi, majibu ya maabara, majina halisi ya dawa pamoja na jina la kitaalamu, kwa kuwa jina la kibiashara la kule huenda halijulikani katika duka la dawa la hapa. Dawa za miezi ya kwanza azichukue katika mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Aulize kwa jina ni kipimo gani kifanywe tena, baada ya wiki ngapi, na kama chaweza kufanywa Mulago, kwani wako waliorudi hadi Chennai kwa kipimo cha damu ambacho Kampala kingechukua asubuhi moja.